Maneno Yaliyosimamishwa Kazi

Inatangazwa kwa wafanyakazi wote kwamba kuanzia leo Kiingereza kitatamkwa kwa utaratibu. Tangazo lilibandikwa mlangoni, na Mkurugenzi alilitia sahihi kwa wino wa kijani, maana wa bluu ni wa watu wa kawaida.

Sababu ilikuwa nzito. Kikaoni mhasibu alisoma "put" vile vile anavyosoma "cut". Watu wakacheka, na Mkurugenzi, ambaye naye alisoma hivyo miaka yote, akacheka kuwashinda. Ikaundwa Kamati ya Kuoanisha Matamshi. Neno lenye utata lilijadiliwa, na lisipopata muafaka likasimamishwa kazi. Atakayelitamka anasimamishwa pamoja nalo.

Aliyebanwa zaidi ni dada wa kipaza sauti. Kazi yake ilikuwa kuita watu, tena kwa Kiingereza tu, kwa amri. Alikuwa bado kwenye majaribio, na nyumbani mama na wadogo zake walikula kwa kipaza hicho. Kila asubuhi alipita ubaoni kwanza. "Schedule" limesimama. "Often" limesimama. "Receipt" nalo chali, kwa hiyo mzee mmoja aliyefuata risiti alikuwa benchini tangu Jumatatu, haitwi.

"Mwanangu, tutabaki na maneno gani?" mlinzi aliuliza.

"Yes na no, mjomba. Na hilo no wameanza kulitazama vibaya."

Siku Waziri anakuja kumpandisha cheo Mkurugenzi, Kamati ilikaa kwa dharura kujadili cheo chenyewe. Nusu walisema "dairekta", nusu "direkta". Bosi alitumia yote mawili, kutegemea anaongea na nani, na hakuna aliyetaka kumkosea. Wakalisimamisha. Bosi akasaini bila kusoma, kama kawaida yake.

Sasa, kwa utaratibu aliouweka mwenyewe, haingii mtu ukumbini kabla cheo chake hakijaitwa. Dada akaita wakubwa mmoja mmoja, wakaingia, wakaketi. Kisha akanyamaza.

"Niite, wewe," bosi alinong'ona mlangoni, suti mpya inamtoa jasho.

"Siwezi, mzee. Umesimamishwa."

"Na nani?"

"Sahihi ni ya kijani, mzee."

"Basi niite kwa Kiswahili."

"Kwenye kipaza ulikikataza."

"Nitakufukuza."

Dada alimkumbuka mama yake. Akiita, kavunja amri. Asipoita, kamuudhi bosi. Akashika amri, kwa kuwa hiyo ilikuwa na sahihi na hasira haikuwa nayo. Bosi akataka kujipenyeza. Mlinzi akanyoosha mkono mlangoni, kwa heshima zote.

Waziri alikitazama kile kiti kitupu. "Kwani ofisi hii haina mkurugenzi?"

Dada akaweka kipaza pembeni. "Yupo, mheshimiwa. Bado anajadiliwa."

"Basi mjadilini taratibu, msimharakishe. Cheo nitampa mwingine." Waziri akainuka, akamtazama dada. "Na huyu mthibitisheni kazini leo hii. Ndiye peke yake hapa anayefuata maagizo."

Ukumbi ukapiga makofi, mhasibu akiongoza.

Mchana bosi hakuwa na pa kwenda. Ofisi yake ilikuwa na kibao mlangoni, na neno la kwenye kibao lilikuwa limefunikwa kwa karatasi. Akaja akasimama karibu na benchi la wateja. Yule mzee wa risiti akasogea kando, akampisha.

"Kaa, ndugu yangu, utachoka. Wewe wamekusimamishia neno gani?"