Bei ya Mwenzetu

Jumamosi, 7 Juni 2025

Nimeipata! Santuri ya Msaranga Jazz, ile ndogo ya lebo nyekundu, ambayo sisi wapenzi wa bendi hiyo tunaisaka Moshi nzima tangu sijui lini. Ilikuwa darini kwa jirani yangu Bibi Yuditha, hapa hapa Marangu, imefunika debe la maharage. Nimempa mkungu mmoja wa ndizi mshare. Amenishukuru mara mbili. Mke wangu Winfrida ameuliza kama yule bibi alijua alichonipa. Nimemwambia mambo ya muziki awaachie wenyewe.

Tatizo moja. Wapenzi tuna kanuni: kitu cha bendi ukimuuzia mwenzako, unamuuzia kwa bei uliyonunulia. Tunaiita bei ya mwenzetu. Katibu aliyeiandika ni mimi. Siku hiyo nilikuwa na akili gani!

Jumapili, 8 Juni

Mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa naichambua kanuni, na tundu nimeliona. Inasema bei. Ndizi si bei!

Mteja yupo tayari. Mzee Khamisi, fundi redio wa Pasua, Moshi mjini, mwenzetu. Anayeimba kwenye santuri hii ni marehemu mkewe, Mwantum. Aliimba wimbo huu mmoja tu, bendi ikavunjika. Nakala yao Mzee aliiuza alipokuwa anamuuguza. Sasa sikio lake la kushoto limekufa, na la kulia daktari amesema halimalizi mwezi. Anataka amsikie mkewe mara moja, basi. Namhurumia sana. Pia najua hawezi kukataa bei.

Jumanne, 10 Juni

Pasua. Shikamoo, marahaba, chai ya tangawizi. Nimekaa upande wa sikio zima. Nilipoitaja santuri, bisibisi imemdondoka. Ameuliza bei ya mwenzetu ni ngapi. Hapo ningesema mkungu wa ndizi, mambo yakaisha. Nimesema kuna mpenzi mwingine anaitaka kwa udi na uvumba, Mzee Efraimu wa Himo, na ameshataja laki tatu.

Efraimu hayupo. Nimemtunga nikikoroga sukari.

Mzee ameiokota bisibisi. Kisha ameuliza huyo Efraimu anaishi na nani. Nimesema peke yake, tena mgonjwa, ili ionekane muda ni mfupi. Mzee amesema basi mwanangu Eliakim, mpe yeye. Yeye Khamisi aliisikia sauti ile miaka thelathini na moja, jikoni, uani, hata akigombezwa. Mwenzetu wa Himo hana cha kukumbuka. Akafungua droo, akanipa sindano mpya ya gramafoni nimpelekee Efraimu kama zawadi.

Nimeshindwa na mtu ambaye hayupo!

Ijumaa, 13 Juni

Nimewaonyesha santuri watu wawili mjini. Wameisifia, wameigeuza, wameirudisha. Winfrida amesema nimpelekee yule mzee bure kabla sikio halijaziba. Nimemjibu biashara inataka subira. Amechukua panga akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Alipoondoka nimeicheza. Mwantum ana sauti nyembamba, ya uchokozi. Kabla ya kila ubeti anavuta pumzi, na unaisikia kabisa, kama amekaa chumbani. Nimezima kabla haijafika mwisho. Sikupenda nilivyojisikia.

Jumatatu, 16 Juni

Dawa imepatikana. Efraimu afe! Akifa, santuri inarudi kwa Mzee, kwa laki mbili. Bei ya msiba.

Nimempigia Mzee simu. Ilibidi nirudie mara nne, kwa kelele, Efraimu amefariki, Efraimu amefariki, mpaka Bibi Yuditha akaja mbio na kanga kichwani kuuliza ni Efraimu yupi. Mzee amelia. Anamlilia mtu ambaye hajapata kumwona! Santuri hakuiuliza. Ameuliza mazishi ni lini.

Jioni mwenyekiti wetu Basili amepiga. Wapenzi wanachanga rambirambi na wanatafuta gari la kwenda Himo. Nimesema ameshazikwa. Basili ameshangaa, haraka yote hiyo ya nini? Nimesema ndivyo marehemu alivyousia. Basili amesema marehemu alikuwa mtu wa ajabu. Nimekubali.

Alhamisi, 19 Juni

Nasrin, binti wa Mzee Khamisi, amepiga simu. Tangu jana asubuhi baba yake hasikii kitu. Adhana imepita akiwa ameketi, anauliza saa.

Nimekaa kwenye jiwe nje ya banda la ng'ombe. Siku kumi na moja nilikuwa na ile santuri na lile sikio linasikia. Kutoka hapa mpaka Pasua ni safari ya saa moja na kidogo.

Jumamosi, 21 Juni

Nimechuma jani la isale mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba. Kwetu Wachagga, ukimpelekea mtu isale umemwomba msamaha, na hana ruhusa ya kukunyima. Nimelifunga pamoja na santuri, nikashuka.

Nasrin alikuwa sokoni. Nimepiga magoti mbele ya Mzee. Nimeungama yote: ndizi, laki tatu, Efraimu kuzaliwa, Efraimu kufa. Mzee alikuwa ananitazama mdomo, anatikisa kichwa kwa huruma. Ningeweza kumwandikia. Kalamu ilikuwa mfukoni.

Kisha akalishika jani. Mzee si Mchagga, ila amekaa Moshi vya kutosha kuona tunavyopanda masale makaburini. Akauliza, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, kama hili limetoka kaburini kwa Efraimu.

Nimeitikia kwa kichwa.

Akamwombea dua. Halafu akaiweka santuri kwenye gramafoni, akabandika kiganja juu ya spika, akafumba macho. Wimbo ulipofika kwenye ubeti akasema, hapa anavuta pumzi. Na kweli alikuwa anavuta. Nimelia mpaka kola ikalowa. Mimi ndiye niliyemnyima. Nimeapa, mbele ya Mungu, kitu cha bendi siuzi tena.

Jumapili, 22 Juni

Nasrin amepanda Marangu na kifurushi. Gauni la jukwaani la Mwantum, la kijani, bado linanukia udi. Baba yake anasema ameshapewa sauti na Efraimu, hata kama ni ya kiganjani, naye hawezi kupokea bila kutoa. Gauni liende kwa ndugu yeyote wa marehemu Efraimu, bei ya mwenzetu, yaani bure.

Nimelishika. Duniani lipo moja. Kuna mtu Arusha angelipa bila kuomba kupunguziwa.

Nasrin ameuliza kama Efraimu aliacha ndugu. Winfrida alikuwa mlangoni, ananitazama. Nilifungua mdomo niseme hapana, nikasema yupo dada. Anaitwa Theopista. Anakaa Kahe.

Kwa sasa ni mzima.