Kamera Nyepesi, Aibu Nzito

Leo nimeaibika mbele ya mahema mawili yaliyojaa watu, na sitaki mtu anipigie simu kuniuliza kama niko sawa. Siko sawa. Nimekaa kwenye sakafu ya chumba changu hapa Kamwokya, bado nimevaa gomesi, naandika haya kabla hamjayasikia kwa watu wabaya. Afadhali mcheke na ukweli.

Mnajua kazi yangu ni picha. Harusi, mazishi, mahafali, ubatizo, chochote chenye watu na chakula. (Chakula ndicho hunitoa nyumbani.) Na mnajua ile kamera yangu kubwa nyeusi. Miaka yote nimezunguka nayo Jinja, Masaka, Mbarara, imening'inia shingoni kama mtoto aliyekataa kushuka. Bega la kulia limelala kabisa. Fundi wa kushona akinipima huniuliza kama niliwahi kuanguka.

Nikasema imetosha. Mtu anayesafiri kila wikendi, mara basi mara bodaboda, hawezi kubeba tofali maisha yake yote. Nikanunua ndogo. Wueh, nyepesi! Inaenea kwenye kiganja, picha zake safi, inautafuta uso wa mtu yenyewe, wewe kazi yako ni kubonyeza tu. Na dukani wakanipa kifuko chake cha mahameli, chekundu, chenye kamba ya rangi ya dhahabu. Sitadanganya, kile kifuko nilikipenda kuliko hata kamera.

Leo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza. Barasa, Mkenya mwenzetu anayeuza spea za pikipiki, alikuwa anaenda kwanjula Kawempe, kwao Nakato, mchumba wake. Kwa wasiojua mambo ya Waganda: mwanamume anaenda na watu wake kwa wakwe, anajulishwa rasmi, anatoa vitu, anakubaliwa. Siku hizi wanamalizia na pete na keki.

Barasa alinipigia jana usiku.

"Dada, piga zote, lakini ile ya pete usiikose. Mama hawezi kusafiri, miguu imemkataa. Amekaa Bungoma na simu mkononi anasubiri hiyo moja tu."

"Barasa, mimi nikose pete? Mimi?"

(Ndiyo. Mimi.)

Asubuhi jirani yangu Mapendo, Mkongomani anayeuza vitenge, akaja kunifunga mshipi wa gomesi. Akaiona kamera kitandani, akaishika kwa vidole viwili.

"Dada, hii ni kamera ao ni kitu ya kuchezesha mutoto?"

"Ni kamera, Mapendo. Ya kisasa."

"Na ile munene?"

"Inapumzika."

"Watu watakuamini na hii kadogo?"

"Picha haipigwi na uzito," nikamjibu, kwa maringo ambayo saa hii yamenikaba koo.

Sasa, gomesi ni nguo nzuri. Ina mabega yaliyosimama, ina mshipi wa kung'aa, mtu akiivaa anatembea kama anamiliki mtaa. Lakini haina mfuko. Hata mmoja. Na ule mkanda wa kamera wa kuvaa shingoni niliuacha ndani ya boksi, kwa sababu nilitaka watu wa Kawempe waone gomesi yangu bila kizuizi. Mungu ananiona.

Tukafika. Mahema mawili yanatazamana, sisi huku, wakwe kule, katikati uwanja wa mikeka. Mimi nikaanza kazi. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniambia kuhusu kamera ndogo. Ile kubwa ilikuwa kitambulisho! Nikiinua lile dude, watu walikuwa wanagawanyika, wazee wanavuta viti, watoto wanatulia. Leo nikiinua hii, mama mmoja alinigonga kiunoni kwa mwavuli.

"Nyabo, kaa chini, unatuziba. Mpiga picha atakuja."

Nikakaa chini. Ningefanya nini? Nikapiga picha za kujipenyeza, chini ya kwapa la mtu, juu ya kilemba cha mtu. Lakini nilimpata shangazi wa Nakato, yule wanayemwita ssenga, akimtafuta Barasa katikati ya wanaume wote wenye kanzu na kujifanya hamwoni. Nikampata Barasa akitokwa jasho. Mambo yalikuwa yanaenda.

Kisha ukafika wakati wa kuingiza vitu. Huko langoni kulikuwa na mjomba wa Nakato, mwanajeshi mstaafu, kila mtu anamwita Afande. Walimweka pale kwa sababu anajua Kiswahili, na sisi Wakenya Luganda yetu ni ya kununulia chapati tu. Alikuwa anawapanga akina mama wa upande wetu kwa foleni na kumtwisha kila mmoja kikapu. Akaniona.

"Wewe mama! Kuja hapa, beba!"

"Afande, mimi ni mpiga picha."

"Kamera iko wapi?"

Nikamwonyesha. Akacheka mpaka kofia ikasogea.

"Hii? Hii hata bibi yangu iko nayo ndani ya simu! Beba, mama, wakwe nachoka kungoja."

Kabla sijafunga mdomo nilikuwa na kikapu kichwani. Nyanya, vitunguu, chumvi, sabuni ya miche, na juu yake nanasi lisilokuwa na adabu. Yaani mimi niliyenunua kamera nyepesi ili niache kubeba mizigo! Mikono yote miwili juu, shingo imesimama kama mlingoti, na kamera nimeibana kwa kidole kimoja ndani ya kifuko chake. Nikaona itaanguka.

"Basi Afande, naomba mahali pa kuweka hii."

Uso wake ukabadilika. Akakipokea kifuko kwa mikono miwili, kwa heshima ambayo mimi mwenyewe sikuwa nimepewa tangu asubuhi.

"Hii ni ya mahali?"

"Ndiyo, ya mahali. Mahali pazuri tu, isianguke."

"Mahali lazima ikuwe muzuri!" akasema kwa furaha. "Niweke kwa muzee mwenyewe?"

Nikawaza, kwa mzee ndipo salama zaidi, nani atamwibia baba wa bibi harusi? "Kwa mzee ni sawa kabisa. Asante sana, Afande."

Tukaingia kwa foleni, tunayumba. Tukapiga magoti kwenye mikeka, tukashusha vikapu, tukawasalimia wakwe, tukakaa pale chini wakati wakivikagua. Goti langu la kushoto likafa ganzi. Nikasikia msema chochote wa sherehe, aliyekuwa akitutafsiria sisi wageni, anatangaza kwenye kipaza sauti kwamba wakimaliza vitu, ni pete. Pete! Nikainuka, nikachechemea hadi langoni.

"Afande, nipe ile kamera yangu haraka."

"Imefika."

"Imefika wapi?"

"Mahali."

"Mahali gani?"

"Mahali! Ile mahali mumeletea muzee!"

Jamani. Hapo ndipo kichwa kilipofunguka. Afande, kama Waganda wengi, hatenganishi r na l anapoongea. Barabara kwake ni balabala. Habari ni habali. Harusi ni halusi, na alikuwa ameisema hivyo mbele yangu asubuhi nzima nikimchekea kimoyomoyo. Na mahari, ndugu zangu, mahari ni mahali. Mimi nilikuwa nimeomba mahali, yeye akasikia nimeleta mahari.

Niligeuka kwenda kumwambia msemaji wetu, yule mzee aliyeongea kwa niaba ya Barasa. Sikufika.

"Na wakwe zetu wa Kenya," kipaza sauti kikalia, "pamoja na kanzu na koti la mzee, wameleta... ngoja kwanza... wameleta kamera!"

Vigelegele! Wanawake wa upande wao wakasimama. Hata wa upande wetu wakapiga vigelegele, wakidhani Barasa amewafanyia mshangao. Barasa mwenyewe alikuwa ametoa macho, lakini akatabasamu na kuinamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama mtu aliyeipanga tangu mwaka jana. Baba yake Nakato, mzee mnene wa ng'ombe wengi, alikuwa amekishika kile kifuko chekundu kifuani na anakipapasa.

Bado ningeweza kupona. Ningemnong'oneza mtu, yangeisha kimya kimya. Lakini ssenga akaichukua, akabonyeza hapa, akabonyeza pale, na kioo kikawaka.

Sasa niwaambie kilichokuwa ndani. Jana niliijaribu nyumbani. Nikapiga sufuria. Nikapiga dirisha. Halafu nikajipiga mwenyewe, nimejifunga taulo, kichwani mfuko wa nailoni kwa sababu nilikuwa nimepaka dawa ya nywele, povu la mswaki limejaa mdomoni, na nimebinua midomo nikijiona malkia. Sio moja. Nilikuwa natafuta pembe nzuri.

Ssenga akatazama kioo. Akamtazama mzee. Akatazama kioo tena. Akampa msema chochote, naye kwa kuwa Mungu hakumpa breki, akasema kwenye kipaza sauti:

"Samahani wakwe. Huyu mama wa taulo pia ni sehemu ya mahari?"

Hema zima likaangua kicheko. Kamera ikapita mkono kwa mkono. Yule mama wa mwavuli akaitazama kwa makini, akaniangalia mimi nilivyosimama katikati ya uwanja, akaninyooshea kidole.

"Ni huyu! Ni huyu hapa!"

Nikainua mkono kama mwanafunzi aliyechelewa. Sauti yangu ilitoka nyembamba, sijawahi kuisikia hivyo.

"Ni yangu. Mimi ndiye mpiga picha."

"Mpiga picha bila kamera?" msema chochote akauliza.

"Kamera ndiyo hiyo!"

Msemaji wetu akanivuta gomesi, akaninong'oneza kwa meno yaliyofungwa: "Nyamaza! Kitu wakwe wakishakipokea hakirudi. Unataka wamkatae kijana?" Nikamwangalia Barasa. Hakuwa amekasirika, na hilo liliniuma zaidi. Alionyesha tu kidole chake cha pete, polepole, halafu akashika kifua. Nikamfikiria mama yake kule Bungoma na simu mkononi. Nikasikia machozi yanakuja, na wanja wangu ni wa bei rahisi.

Basi nikafanya jambo moja la maana leo. Nikaenda mbele ya mzee, nikapiga magoti, nikamwambia wazi. Kwamba Afande hana kosa. Kwamba kamera abaki nayo kama ndiyo desturi. Lakini mama wa kijana ni mgonjwa, hakuweza kuja, na anaomba picha moja ya pete. Aniazime tu kwa hiyo moja.

Mzee aliwahi kuuza ng'ombe mpakani, Kiswahili anakisukuma. Akanyoosha mkono, kamera ikarudishwa kwake.

"Kamera ni yangu?" akauliza.

"Ni yako, baba."

"Basi picha ya mtoto yangu nitapiga mimi. Wewe onyesha mimi."

Haki ya nani! Pete ikaletwa. Mzee akasimama na kamera yangu ikiwa imemezwa na mkono wake, kidole gumba kinafunika nusu ya lenzi. Mimi magotini pembeni yake, nanong'ona, "Ondoa kidole, baba. Hapo. Ngoja. Ngoja." Barasa akaishika pete. Na mzee, aliyekuwa anaminya jicho ambalo halitakiwi, akapiga kelele, "Nakato! Ona baba yako amekuwa mzungu!"

Akabonyeza. Moja tu. Akakataa kurudia, akasema imetosha.

Baadaye alinirudishia, kwa masharti. Mbele ya wote akatangaza kwamba kitu cha wakwe hakirudi, ila ananiachia niitunze, na Jumapili niende nayo shambani kwake nikapige picha ng'ombe. "Yote," akasisitiza. "Moja moja." Kwa hiyo kamera iko hapa mapajani mwangu, lakini kwa sheria ya Kawempe ni mali ya mzee. Mimi ni kama dereva wake tu.

Nimefika nyumbani, nimeifungua ile picha nikiwa nimefumba jicho moja. Jamani, ni nzuri. Nakato haitazami pete. Anamtazama baba yake nyuma ya kamera, anacheka huku machozi yanamtoka, na Barasa anamtazama yeye, pete imesimama katikati ya vidole vyao. Mimi nisingeipata hiyo hata ningekuja na kamera tatu. Nikaituma Bungoma vilevile, bila kurekebisha kitu.

Sasa hivi mama Barasa amenitumia sauti. Analia. Anasema ameibusu simu. Anasema, "Mwanangu, Mungu aibariki hiyo mikono iliyopiga hii picha."

Nimejibu, "Amina, mama." Naomba mtu yeyote aliyekuwa Kawempe leo asimwambie mikono hiyo inakamua ng'ombe.