Bakteria Wangu Wamejificha

Jumatatu, tarehe 2
Wanakuja! Wote watatu! Binti yangu nesi kanipigia mwenyewe: bakteria wakionekana tumboni mwangu, atakuja na kaka yake mhandisi na kitinda mimba, wanipangie matibabu. Kipimo ni Alhamisi, cha kupuliza pumzi kwenye kifuko. Vidonge vya kupunguza asidi nilikatazwa wiki mbili kabla. Nimeacha. Mimi nikiambiwa nasikia. Nimefuta viti vyote sita. Ninakalia kimoja.

Jumanne, tarehe 3
Na wasipoonekana? Nimewaza, nimepata: pilipili. Tumbo likiwaka, watatoka wenyewe kushangaa. Nimekula sahani nzima. Jirani, ambaye uani kwake hujaa wajukuu kila Jumapili, kachungulia juu ya ukuta akasema, shoga, wenzio tunaomba tusiumwe, wewe unaomba uumwe! Wivu huo. Hana mhandisi.

Jumatano, tarehe 4
Moto! Nimelia peke yangu jikoni. Nikameza kidonge. Kikafuatwa na viwili. Vyenyewe vidogo, nani atajua?

Ijumaa, tarehe 6
Jana nilipuliza kile kifuko cha kipimo mpaka mpimaji akasema basi mama, kitapasuka. Leo majibu: bakteria hawapo! Nesi akashangilia. Mhandisi akashangilia. Mama mzima, safari ya nini tena! Nimerudisha viti ukutani.

Jumatatu, tarehe 9
Nimekwenda kugombana na mashine. Mpimaji kaniuliza kwa upole kama nilimeza vidonge. Nikasema sikuvigusa. Akanitazama. Nikasema vitatu. Akacheka mpaka akashika meza. Kumbe vidonge hivyo huwadhoofisha bakteria, kipimo kikashindwa kuwaona hata kama wapo! Niviache kabisa wiki mbili, nirudie. Wapo! Nimerudi nyumbani natembea kama bibi harusi.

Jumatatu, tarehe 23
Kesho narudia. Sijagusa kidonge tangu siku ile, jirani shahidi. Kitinda mimba kaniambia kwenye simu kwamba hata wasipoonekana anaweza kuja, niseme tu. Nikamwambia, mwanangu, mama yako si wa kuombaomba, utakuja kwa majibu ya maabara. Nikakata simu.

Ili nisibahatishe, leo pilipili sahani mbili. Mama yangu, moto wake! Nimemeza kidonge kimoja. Kimoja tu, safari ile vilikuwa vitatu, ndiyo maana.

Viti nimevitoa tena ukutani. Majibu yakitoka tu, watakuja wote watatu, Jumamosi tarehe 28.