Wosia wa Kompyuta ya Vifungo

"Kompyuta ya Shirika la Vifungo imekata roho tena!" Jamali Gazeti alitangaza kabla hata hajakalia benchi. "Mara ya tatu wiki hii! Na mchawi kapatikana. Huyu hapa, Kornelio Swichi!"

Benchi la kahawa la Mwishehe Katiba, pale Temeke, halijawahi kuwa na huruma. Watu walicheka mpaka kahawa ikawapalia. Kornelio hakucheka. Yeye ndiye aliyeajiriwa kuiwasha na kuizima mashine ile, na Jumatatu kamati ya nidhamu ingemwita ajieleze kwa nini asifukuzwe kazi kwa hujuma.

"Mhujumu wa vifungo!" alisema Mwishehe, anayeitwa Katiba kwa kuwa hata sukari huitolea kanuni. "Taifa zima litembee vifua wazi kwa ajili yako, ndugu?"

"Mie sijaharibu kitu!" Kornelio alifoka, roho juu. "Ile mashine kabla ya kuzimika inapiga chapa kwenye karatasi: nimekufa saa fulani, kilichoniua hiki. Ukishaiwasha upya haikumbuki kitu. Inaamka kama mtoto mchanga."

"Kama wakurugenzi wetu!" Jamali alidakia. "Mtu anaua shirika la sabuni, wanamhamishia la vifungo. Anaripoti kazini mweupe, hajawahi kuona hata povu!"

"Na hizo karatasi ziko wapi?" Mwishehe aliuliza.

"Bosi kaagiza zichomwe, eti taka. Mie nazinyofoa na kuzificha kabla sijaiwasha." Kornelio aliinama, akachomoa karatasi tatu kutoka kwenye soksi.

Jamali aliziba pua. "Ushahidi umeoza huu!"

Mwishehe alivaa miwani, akazisoma huku akitafsiri Kiingereza chake. "Jumatatu, umeme umepungua ghafla, saa nne na dakika tano. Jumatano, saa nne na dakika tano. Ijumaa... loo! Saa nne na dakika tano! Jini hili lina miadi!"

"Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa nne na dakika tano?" Bi Mwamvita, muuza kashata, aliweka sinia chini. "Hiyo si chai ya Mkurugenzi? Mie nimewapikia kwa mkaa miaka miwili pale. Wiki iliyopita wakanunua birika la umeme, wakaniaga. Wamelichomeka ukuta mmoja na mashine yenu. Siku ya kulijaribu, hata taa zilififia."

Kornelio alitaka kumkumbatia. Kisha akakumbuka jambo, akashusha mikono.

"Mwenyekiti wa kamati ndiye Mkurugenzi."

"Basi huna kazi, kaka," Jamali alisema, safari hii taratibu. "Nani atamwambia mzee mzima kwamba mhujumu ni chai yake?"

Kornelio alimalizia kahawa mpaka machicha, akazikunja karatasi zake vizuri na kuzitia mfuko wa shati.

"Simwambii kitu. Nitaomba kwa adabu tu kikao kifanyike chumba cha mashine, ikiwa imewashwa, saa nne kamili. Halafu nitamwomba awakaribishe wajumbe chai."