Kuhusu Ndama wa Kwanza wa Mabati Yangu

Bomani kwangu,
Nyuma ya mnada wa Iguguno,
6 Januari, 1971.

Kwa Ndugu Amri,
Mwenyekiti wa Kamati ya Shule ya kijiji chetu cha ujamaa.
Isomwe kwa sauti mbele ya mkutano wa wazazi, Jumamosi, tarehe 9.

Ndugu Mwenyekiti, na ninyi ndugu zangu wazazi mlioketi kwenye madawati ya watoto wenu,

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, marahaba. Naitikia mapema kwa sababu siku hizi mnasahau.

Ningefika mwenyewe, lakini katika mkutano uliopita nilipoomba nafasi ya kusema nilipewa dakika tano, na mtu aliyekuwa karani wa baraza kwa miaka kumi na saba hawezi kuvuta pumzi kwa dakika tano, seuze kujieleza. Kwa hiyo naandika. Barua haina mtu wa kuivuta koti ikae chini.

Mnakumbuka kwamba mwaka 1968 niliuza ng'ombe wangu mnadani, nikanunua mabati thelathini na sita, nikaezeka darasa la saba, ambalo hadi siku hiyo lilikuwa na nyasi juu na mchwa chini. Mgeni kutoka wilayani alisimama juu ya kiti akanitangaza kuwa mfadhili wa elimu. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, kwa kuwa sikujua bado kwamba mfadhili ni mtu anayetoa kitu na kisha kuambiwa asikisogelee.

Leo nataka kunyoosha jambo moja lililopinda tangu siku ile. Mabati yale sikuyatoa. Niliyaweka kwenu, kama mtu anavyomweka ng'ombe kwa jirani.

Hakuna hata mmoja hapo asiyeujua utaratibu huo. Mwenye ng'ombe wengi humkabidhi jirani yake ng'ombe jike amtunze. Maziwa ni ya mtunzaji. Samadi ni ya mtunzaji. Ndama ni wa mwenye ng'ombe. Na ng'ombe akifa, mtunzaji hupeleka ngozi kwa mwenyewe, ili ijulikane kwamba amekufa kweli na hakupotelea mnadani. Hivyo ndivyo baba zetu walivyosaidiana, nyumba yenye vingi na nyumba isiyo na kitu, kabla ya yeyote kutufundisha neno ujamaa.

Nami mabati niliyakabidhi hivyo hivyo: mbele ya mashahidi wawili, kwa kibuyu cha maziwa ya mgando tulichokunywa sote, na kwa fimbo ya kuchungia, ambayo niliiweka mkononi mwa Ndugu Amri. Ndugu Amri aliipokea kwa mikono miwili. Nadhani alidhani ni zawadi ya kumheshimu. Kama sikosei, hata sasa anaposoma ameiegemea.

Kuna watakaosema kwamba Bwana Mselemu, mwenye duka la vitambaa Singida mjini, aliipa shule hii mpira, watoto wakaupiga hadi ukapasuka, na hakudai hata kipande. Ni kweli, na Mungu amlipe. Lakini Bwana Mselemu ni mtu wa duka. Kwake, kitu kikishavuka meza, kimekwenda. Sisi wafugaji hatukujaliwa kutoa namna hiyo. Kwetu kinachotoka zizini kinaendelea kuwa chetu, isipokuwa kinakula majani ya mtu mwingine.

Baada ya maelezo hayo, naleta malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Haki ya kutembelea. Mwenye ng'ombe huruhusiwa kupita kwa mtunzaji siku yoyote, bila taarifa, na hupewa maziwa. Maziwa ya darasa ni masomo. Kwa hiyo mwezi wa Agosti nilikwenda kupata yangu. Nilimwomba Mwalimu Kudra, binti yetu kutoka mjini, awaamuru watoto wanisomee gazeti lote, kwa kuwa macho yangu yamechoka, na baada ya hapo waniimbie jedwali la saba kwa saba, ambalo hunipendeza. Mwalimu alinisalimu vizuri, sina ubishi. Kisha akasema, "Mzee, karibu sana. Ila humu ndani hakai mtu bila kazi. Chukua kalamu, tuna imla." Akaniketisha dawati la mbele, magoti yakiwa karibu na masikio, akanisomea imla pamoja na watoto. Nilipata tisa katika kumi. Alama moja aliikata kwa sababu ya nukta. Ndugu wazazi, nimeandika hukumu za baraza kwa miaka kumi na saba na hakuna aliyefungwa wala kuachiliwa kwa sababu ya nukta. Naomba alama hiyo irudishwe, na irudishwe mbele ya wale wale waliocheka.

2. Ngozi. Oktoba upepo uling'oa mabati matatu. Yalikufa, nami sikatai, upepo ni upepo. Lakini ngozi iko wapi? Sikuletewa bati, sikuletewa msumari, sikuletewa hata mtoto wa kunipa pole. Baadaye nilipokuwa napita njia ya kisimani niliona bati moja likiwa limefunika banda la kuku. Sitamtaja mwenye banda, kwa sababu ni mtu mwenye cheo na amebeba fimbo. Nilipomuuliza alinijibu, "Mzee Melkiori, hilo lilikuja lenyewe." Sijawahi kuona ng'ombe aliyekufa akienda mwenyewe kwa jirani kulalia mayai.

3. Samadi. Hapa sina malalamiko, nami naandika hivi ili ijulikane kwamba mimi ni mtu wa haki. Watoto ishirini na tisa waliomaliza darasa la saba na hawakuchaguliwa, ambao sasa wamerudishwa kwenye shamba la kijiji, nawaachia ninyi kabisa. Samadi ni ya mtunzaji. Tena nilipita juzi nikaona mahindi yenu yamestawi.

4. Ndama. Hapa ndipo penye shina la barua hii, naomba wanaosinzia waamshwe.

Chini ya mabati yangu, kwa mara ya kwanza tangu shule hii ianze, mtoto mmoja amechaguliwa kwenda sekondari. Ni Damari, binti wa Hana, yule mjane wa karibu na kisima. Nilifurahi kuliko mtu yeyote. Mtu ambaye ng'ombe wake amezaa huko alikowekwa huamka akiimba, na mimi niliimba.

Fomu ya kujiunga ilifika katika sanduku langu la posta, ambalo pia nimewaazima. Ninayo. Iko salama, juu ya kabati, mbali na panya na watu. Inatakiwa itiwe sahihi na Mwenyekiti na ifike shuleni kwake kabla ya tarehe 18 mwezi huu. Isipofika, nafasi atapewa mtoto mwingine wa mahali pengine. Sitaki hilo litokee. Hakuna mfugaji anayetaka ndama wake apotee. Ninachotaka ni kukubaliana kwanza kwamba ndama ni wangu.

Nililieleza jambo hili kisimani, kwa sauti ya upole, mbele ya kina mama waliokuwa wakiteka maji. Hana alinipa shikamoo, nikaitikia. Akatua ndoo. Akasema, "Mzee Melkiori, huyu mtoto nilimzaa mimi, kwa uchungu wa siku mbili, wewe ukiwa mnadani. Sasa kama yeye ni ndama, mimi hapa ni nani? Niambie, watu wanasikia." Mwingine akamdakia, "Mwambie akukamue basi, mama Damari, tuone!" Kina mama walicheka mpaka ndoo moja ikamwagika, katika mwaka ambao maji ni ya kugombania. Swali la Hana niliona lina uchokozi ndani yake na sikulijibu. Nalijibu sasa: Hana ni mama wa mtoto, na hilo halina mgogoro. Ndama wote wana mama. Haijapata kutokea mama akadai ndama zizini.

Kwa hiyo naomba mkutano uniandikie yafuatayo, na uyatie muhuri:

Kwamba Damari atasoma mpaka mwisho, kisha atarudi kwangu. Jina lake katika daftari la sekondari liwe Damari wa Melkiori, ili walimu wake wajue wa kumshukuru. Akiolewa, ng'ombe wa mahari wapitie zizi langu kwanza, walale angalau miezi sita, wapumzike. Akiwa mganga, aanze na magoti yangu. Akiwa mwalimu, anirudishie ile alama moja. Akichaguliwa kwenda bungeni, nisihesabiwe mgeni ninapokwenda kumtazama, maana mwenye ng'ombe hupita kwa mtunzaji bila taarifa. Na kwa kuwa ndama wa ndama naye ni wa mwenye ng'ombe, watoto wa Damari, na wote atakaowafundisha au kuwatibu au kuwatungia sheria, waandikwe kwenye ukurasa wa pili wa daftari lile lile. Sina haraka nao. Waje taratibu.

5. Wimbo. Vijana wa kijiji wametunga wimbo unaoniita kupe. Wanauimba wanapopita mbele ya boma langu kwenda shambani, na wanaongeza sauti wakifika langoni. Nauliza kwa utulivu: ni kupe gani aliyewahi kumwezekea ng'ombe nyumba? Tena wanaoimba ni wale wale wa kifungu cha tatu, ambao sikuwadai kitu.

Ndugu Mwenyekiti, mimi si mtu wa kununa. Mkutano ukikubali haya, niko tayari kupanua ufadhili wangu. Zahanati yetu bado ni ya nyasi. Nitaiezeka, kwa masharti yale yale ya kawaida: dawa na vidonge ni vyenu, na kila mtoto atakayezaliwa chini ya bati atajulikana ni wa nani. Ghala la pamba naweza pia kulifikiria. Kuhusu kanisa na msikiti, nimeona nisubiri kidogo. Nimemwuliza mchungaji, nimemwuliza na shehe, na hakuna hata mmoja aliyenipa jibu la kueleweka kuhusu haki ya roho zitakazookolewa chini ya mabati ya mtu mwingine.

Naomba mjadili kwa amani, bila kupiga meza, maana hizo nazo zinategemea paa. Nisalimieni Mwalimu Kudra, na mumsisitizie suala la nukta. Nisalimieni wajumbe wote wa Kamati, mafundi waliopigilia misumari, kina mama wa kisimani pamoja na aliyemwaga maji, na vijana waimbaji, ambao sauti zao, nikiacha maneno, ni nzuri. Damari naye apewe pongezi zangu. Aambiwe asiwe na wasiwasi, fomu yake haipati unyevu.

Nabaki kuwa mtunzaji wa amani yenu na mwenye mabati,

Melkiori,
Karani Mstaafu wa Baraza, Mfadhili wa Elimu.

Nyongeza, kwa macho ya Ndugu Mwenyekiti peke yake:

Kabla ya kuifunga barua hii nilimsomea mke wangu Luciana, kama ilivyo desturi yangu, ili aisifu lugha. Aliisifu. Kisha, bila kuacha kupepeta mtama, akauliza, "Baba Esta, wale ng'ombe uliowauza ukanunua mabati, mama yao ni yupi?"

Nikamwambia ni yule mwekundu mwenye pembe iliyolala.

"Na yule mwekundu tulimtoa wapi?"

Nikaanza kuikunja barua. Luciana akaendelea kupepeta. Alinikumbusha kwamba mwaka ule wa njaa, mara tu baada ya Uhuru, watoto wetu walipokuwa wanalia kwa kukosa maziwa, marehemu mama yake Hana aliweka ng'ombe huyo kwetu tumtunze. Maziwa tulikunywa. Samadi tuliitumia. Bibi yule alifariki kabla ya kuja kuchagua ndama wake, na mimi kwa wingi wa shughuli sikupata nafasi ya kumkumbusha.

Tangu adhuhuri natafuta kasoro katika maneno ya Luciana. Sijaiona. Kwa kanuni nilizozieleza hapo juu kwa ufasaha ambao sasa unaniudhi, ng'ombe wale walikuwa wa bibi yule, mabati ni ya bibi yule, na Damari mwaka wake wote wa darasa la saba alisoma chini ya paa la bibi yake mzaa mama. Mimi nilikuwa mtunzaji. Na mabati ni sehemu ndogo tu ya uzao wa yule mwekundu. Waliobaki zizini sijathubutu kwenda kuwatazama usoni.

Fomu imo ndani ya bahasha hii. Tia sahihi leo hii, usingoje mkutano, na umpelekee Hana mkononi kwa heshima zote, kabla hajapata muda wa kukaa na kufikiria habari za ng'ombe.

Utaniuliza kwa nini basi nisiichane barua. Nilijaribu. Lakini mwandiko umekaa vizuri mno, hasa kifungu cha nne. Kwa hiyo isome, ila uishie kwenye sahihi yangu, na nyongeza hii uitie mfukoni. Nakuomba hivyo kama ndugu, ingawa Luciana amesema atahudhuria mkutano, ataketi mbele, na kurasa amekwisha kuzihesabu.