Pini Tano na Dirisha la Barabarani

Jumatatu, 9 Machi

Tiketi ninayo! Jumamosi nacheza poka kwenye mashindano makubwa, ukumbi wa hoteli, watu mia na ishirini. Mke wangu amekubali, ila kwa sharti. Nikitolewa meza ya kwanza, nusu ya mbele ya duka langu la ushonaji, ile yenye dirisha la barabarani, inakwenda kwa mdogo wake. Huyo shemeji ni msusi. Kwa sasa anasukia uani, karibu na bomba, na humwambia kila anayepita kwamba mwanga wa dirisha langu unapotea bure. Nimetia sahihi bila kupepesa macho.

Wasiwasi wa nini? Nimepima viuno miaka ishirini. Utepe ukizunguka tu, mtu anavuta tumbo ndani na kunitazama kama malaika. Waongo nawajua kwa sentimita.

Jumanne, 10 Machi

Mazoezi ya kudanganya kwa uso mkavu. Mwalimu mkuu mstaafu alikuja kuchukua suruali yake. Nikamwambia ilikamilika tangu jana. Ukweli ni kwamba kitambaa bado kimekunjwa ndani ya mfuko aliokuja nao. Uso wangu? Ubao! Akasema vizuri, basi aijaribu. Nikasema iko kwa dobi, inapigwa pasi. Akasema hana haraka. Akaketi kwenye benchi na gazeti lake, akalisoma lote mpaka matangazo ya vifo, kisha akaanza upya. Saa tisa mke wangu akamletea chai. Saa kumi na moja nikaungama.

Aliondoka akisema ule mfuko aliuona mezani tangu anaingia. Nadhani anaficha aibu tu.

Jumatano, 11 Machi

Tumecheza kwa vifungo: mimi, mke wangu, shemeji. Shemeji amejifunza poka leo asubuhi huku akimsuka mtu. Aliuliza mara mbili kama malkia anamzidi mfalme. Kufika magharibi alikuwa na vifungo vyangu vyote, pamoja na vinane vya shaba vya koti la kiongozi wa bendi. Nikipata karata nzuri, anatupa zake. Nikipata takataka, anapandisha dau. Bahati ya mgeni! Lakini mbona mke wangu alikuwa anacheka huku amejishika mbavu? Nilipomuuliza akasema mkataba ni mkataba, yeye hasaidii mtu. Nimeumia, sifichi.

Alhamisi, 12 Machi

Mwalimu amefuata suruali (safari hii ipo kweli). Nikamwomba tucheze raundi tatu. Ya tatu hakutazama hata karata zake, alinitazama mimi, akashinda. Akaniambia kwamba nikipata karata nzuri nabana midomo kana kwamba nimeshika pini. Miaka ishirini ya pini mdomoni! Kazi ikinoga, midomo inabana yenyewe. Na kumbe mtaa mzima unajua.

Nimekaa saa nzima mbele ya kioo nikijaribu kuilegeza. Wapi! Kisha likaja wazo. Kama lazima ibane, basi ibane muda wote! Nitacheza na pini halisi mdomoni, tano, mwanzo hadi mwisho. Tuone nani atasoma nini.

Ijumaa, 13 Machi

Majaribio. Shemeji alikodoa macho, akabahatisha, akapoteza vifungo kumi na moja! Akanuna, akaenda uani kumsuka mteja kwa hasira mpaka mteja akapiga yowe. Nikamfuata kumwambia aje aliangalie dirisha vizuri, maana atalisikia kwa wengine. Mke wangu akauliza itakuwaje nikipiga chafya. Watu na wivu wao.

Jumamosi, 14 Machi

Nianzie wapi? Meza ya kwanza, watu tisa. Mgawaji karata akaniona na pini, akamwita msimamizi. Msimamizi akapekua kanuni zote, hakuna panapokataza pini. Ushindi wa kwanza! Karata zangu za kwanza: ree mbili, karata kubwa kuliko zote. Mbili! Nikavuta pumzi kwa mshangao. Nikahesabu pini kwa ulimi. Nne.

Nikazitema mezani, nikahesabu kwa macho. Nne. Mama mmoja akapiga kelele kwamba huyu baba kameza chuma. Nikabebwa mzobemzobe mpaka garini, kisha zahanati, foleni ya watu kumi na saba, picha ya tumbo. Nilimwambia muuguzi kwamba nimeacha ree mbili mezani. Akasema pole, nikae. Tumboni hamna kitu. Pini ya tano ilikuwa kwenye ukosi wa koti langu, nilipoichomeka mwenyewe asubuhi, kama ninavyofanya kila siku ya kazi.

Nikarudi mbio. Kumbe poka haimsubiri mtu. Ree zangu zilishatupwa, na kila mzunguko walikuwa wananikata dau la lazima mpaka nikaisha. Hata kiti walishakiondoa. Nimetolewa meza ya kwanza bila kucheza karata hata moja. Nilikaa kwenye ngazi za hoteli nikalia kidogo. Mke wangu alikuja kunichukua.

Jumapili, 15 Machi

Shemeji amehamia mbele na kiti chake cha kuzunguka. Amepata wateja watatu kabla ya saa nne. Cherehani yangu iko nyuma, inatazama ukuta. Nikitaka kutunga uzi inabidi nitoke nje kutafuta mwanga.

Nimetafakari kwa utulivu. Sikushindwa na mtu, nimeshindwa na foleni. Kwenye mashindano bado sijapoteza raundi hata moja niliyocheza!

Basi nikamwendea shemeji. Nikapendekeza tucheze wawili tu, Jumamosi ijayo. Nikishinda, narudishiwa dirisha. Akishinda, achukue na cherehani. Akakubali kabla sijamaliza sentensi, akanipa mkono, akakimbia kumwambia dada yake anunue pakiti mpya ya karata.

Nilimsoma papo hapo. Haraka yote ile! Anaogopa.