Birika la Maji ya Moto Jabal Akhdar

Leo nimejiaibisha, tena kwa mdomo wangu mwenyewe. Wenye makosa ni wawili na nawataja: shoga yangu Mwajuma wa Sur, na Nasor, mtoto wa bosi wangu Bi Zuwena.

Tuko Jabal Akhdar, huku milimani Oman, tangu juzi, familia inatafuta theluji. Mvua ilikuwepo, mawingu yalikuwepo, theluji ikaenda kuanguka Jabal Shams, mlima wa jirani. Jana jioni mbingu ikatakata. Nasor akatusomesha (kasoma, basi tabu tupu).

"Ile munkhafadh, hewa nyepesi iliyoleta mawingu, ishapita. Nyuma yake inakuja hewa nzito. Mawingu yanakimbia, joto la ardhi linapanda zake juu. Asubuhi mtaniambia baridi yake. Bi Mwanakheri, gari iwe safi saa moja, tuiwahi theluji ya Jabal Shams haijayeyuka."

Alfajiri natoka na ndoo yangu. Kioo cha mbele cheupe, umande umeganda juu yake. Nakwangua kwa kucha, wapi. Nikampigia Mwajuma.

"Mwagia maji ya moto, shoga."

"Hakitapasuka?"

"Maji yapasue kioo? Wewe nawe."

(Mwajuma anakaa pwani. Barafu anaijua ya kwenye friji.)

Nikamwaga birika zima. Barafu ikayeyuka, na chini yake ufa, toka kona hadi kona.

Wiki ijayo naenda Unguja kumuoza mwanangu, na ruhusa iko mikononi mwa Bi Zuwena. Nimenusurika kazi za nyumba tatu za watu huko Ibra, moja wakinilaza stoo. Leo naponzwa na birika.

Nikaingia ndani, wote wanakunywa kahawa. Nikamwangukia miguuni.

"Bi Zuwena nisamehe, kioo cha gari nimekipasua mie. Na chetezo cha marehemu mama yako nilikivunja mie, si paka. Na halwa ya Idi..."

"Kioo?" Bi Zuwena akanikatiza. "Ule ufa wa jiwe la lori, juzi njiani tulipopita Bidbid. Wewe ulikuwa nyuma unakoroma."

Nasor, aliyekuwa anaendesha na asiniambie kitu, akacheka mpaka akamwaga kahawa.

Bi Zuwena akaweka kikombe chini taratibu. "Chetezo umesemaje?"

Nikachukua kitambaa, nikafuta kahawa ya Nasor. (Paka wa watu kafukuzwa ndani tangu Ramadhani.)

Bi Zuwena akasema, "Unguja utakwenda. Rudi na chetezo kingine. Na paka umfungulie mlango mwenyewe."

Roho imenitua, harusini nitakuwepo. Ila siku nyingine nikikiri makosa, nitakiri moja, nisubiri jibu.